Breki

Baba amesimama mlangoni, hapa Katoyi,
tangu chai ilipokuwa moto.
Kizingiti ni ubao wa vidole viwili.
Amri ameshaitoa, naiona mabegani
yaliyotangulia kama ya mtu aliyekwisha kuondoka,
ila nyayo zimeganda
kama lava iliyochoka katikati ya mtaa.
Mkono wa kuume unasaga kisichokuwapo,
gumba juu ya kidole cha shahada,
kama ahesabuye noti asiyoiamini.

"Nasukumwa," asema,
"na anayenisukuma ndiye anayenishika."

Daktari Bisimwa alituchorea nyuma ya risiti:
chini kabisa ya ubongo, mahali pasipo na mawazo,
mna viini vichache, mabonge tu,
na kazi yao kubwa si kusukuma. Ni kuzuia.
Kila mwendo, alisema, umekazwa breki;
ukitaka kunyanyua kikombe
breki ya kikombe hulegezwa,
nyingine zote hubaki zimekazwa,
la sivyo ungecheza ngoma kila unywapo maji.
Na chini yake, hapo alikoleza kalamu, kuna doa jeusi
litoalo utomvu wa kulegezea.
La mzee limepauka.

Nilicheka mbele ya daktari, nikaona aibu.
Goma hii, ambako weusi tunaupasua kwa nyundo,
tunaujengea kuta, tunauchambua kwenye maharagwe,
weusi unaotoboa viatu vya watoto wote wa shule,
baba yangu ndiye akose weusi
wa ukubwa wa punje?

Miaka thelathini na mmoja Ndungo alishuka toka Kibumba
na kabichi, viazi, makala, safari moja hata kitanda cha bi harusi,
goti juu ya kandambili iliyogongelewa misumari.
Breki yake ilikuwa kipande cha tairi
juu ya gurudumu la nyuma,
na kisigino.
Alijua mteremko wa Kibati unataka uzito gani,
na wa Munigi nusu ya huo.
Sasa kuna kisigino cha mtu kichwani mwake
na hakitoki.

Jumapili Nzanzu wangu alijifunza chukudu ya babu.
Alianguka mara tisa.
Mara ya kumi alianguka vizuri zaidi.
Hiyo ni kazi ya ubongo wa kisogoni,
uliokunjwakunjwa kama kabichi:
hauamuru, hauombi,
unapima pengo kati ya ulipokusudia na ulipoangukia,
kisha unarekebisha kimyakimya.

Baba alitazama. Akanyoosha mkono ule utetemao,
na ulipogusa usukani ukatulia.
Tukamwekea goti. Mguu wa kushoto ukasukuma wenyewe.
Akaenda.
Jamani, alienda! Akakwepa dimbwi,
akakwepa mbuzi wa mama Furaha,
akakata kona ya muuza vocha bila kufikiri,
maana kabichi ile ya kisogoni haijaguswa,
imejaa njia zote za Kibumba.

Huko akashuka. Na aliposhuka, akaganda.
Nilimkuta wima kati ya pikipiki zinazompigia honi,
uso mkavu,
macho tu yakicheka.

Siku hizi namchorea mistari ya chokaa juu ya mawe ya uani.
Penye mstari anaruka. Pasipo mstari hapavukiki.
Lakini usiku wa jana mvua imefuta yote,
na choo kiko upande wa pili.

Basi nautia mguu wangu mbele ya vidole vyake,
nimeukingamisha.
"Uruke huu, baba."
Anautazama kama anayepima mteremko.

Chai imepoa. Mimi sina haraka.
Kisigino cha kushoto, kile cha breki,
kimenyanyuka kidogo.